Ukuta wa Nyuma kwa Bi Zuhura na Bi Tatu

Nyie vijana mkiniona nimeinama pembeni ya ukuta wa mbao, pua nimeibandika kwenye ufa, msicheke. Nanusa. Mbao iliyooza ina harufu yake, na si ya takataka wala ya panya aliyekufa. Ni kama gunia la mahindi lililolowa likasahaulika stoo. Ukuta unaweza kupakwa rangi jana ukang'aa, lakini rangi haizibi harufu. Ukishanusa, gonga kwa mpini wa bisibisi. Mbao nzima inakujibu. Mbovu inameza sauti kama mtu aliyeulizwa jambo hataki kulisema. Halafu geuza bisibisi, choma. Ikiingia bila kusukumwa, basi vua koti, una kazi.

Mimi koti nimeshalivaa na silivui tena. Magoti yamegoma, mgongo umegoma, na jicho la kushoto linaona mstari ulionyooka umepinda. Fundi asiyeona mstari ni abiria tu. Kwa hiyo nakaa hapa Majimoto, naangalia pikipiki zinapita na magunia ya mpunga, na nyie mnakuja na simu zenu mnanionyesha picha za kuta zilizolegea: "Babu Deo, hii tuifanyeje?" Nawajibu. Lakini mara nyingi nachoka kabla picha haijafunguka, maana kila ukuta mnaonionyesha unanikumbusha ule mmoja wa Mpanda mjini, na huo hauchukui jibu fupi.

Acha nianze na aliyenifundisha, bila yeye hamtaelewa.

Mzee Barnabe alikuwa mtu wa Katumba, wale ambao wazazi wao walikimbia vita Burundi wakapewa pori walime. Alianza kazi porini, kupasua mbao kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mmoja chini shimoni. Yeye alikuwa wa chini. Alisema ndiyo maana alikuwa na hasira kila wakati: ujana wake wote alikula unga wa mbao na kuangalia makalio ya mtu mwingine. Hakuwa mpole, msije mkadhani. Ukikata mbao vibaya aliichukua, akaigeuza huku na huku kama daktari anayetazama kidonda, akakuuliza, "Hii umeikata au umeitafuna?" Akikasirika sana alihamia Kirundi, na hapo ulikuwa huna la kufanya ila kusubiri arudi.

Na yeye alikosea, msidhani hakukosea. Wakati fulani, kabla sijaanza kumfuata, alibadilisha nguzo za bani la kukaushia tumbaku huko huko Katumba. Mwenye bani alikuwa na haraka, tumbaku inaiva haingoji mtu. Barnabe akatumia mti wa mtundu, mbichi, umekatwa wiki ile ile. Bani likajazwa majani, moto ukawashwa chini. Joto likaingia kwenye zile nguzo, zikaanza kujinyonga kama mtu anayeumwa tumbo. Mlango ukabana. Jamaa akasukuma, akapiga teke, akachukua shoka, mkewe akamzuia. Mwishowe alipanda juu akafumua bati, akaingia kwenye tumbaku yake kwa darini kama mwizi. Barnabe aliisimulia hadithi hii kila mara tulipopita karibu na bani lolote, na kila mara alimalizia vile vile: "Mbao mbichi haina adabu, Deo. Iache ikae, ikue, ndiyo uipe kazi."

Siku hizi mnanunua paini iliyotiwa dawa, imenyooka, mnaifunga kwa skrubu na mashine ya chaji. Sawa. Sisemi ni vibaya. Ningekuwa nayo hiyo mashine labda leo ningeweza kuchuchumaa. Lakini dawa haizuii ujinga. Paini ikizikwa kwenye udongo wenye maji itaoza na dawa yake, na mchwa watakushukuru.

Sasa ile nyumba.

Ilikuwa upande wa Makanyagio, moja ya zile chache za mbao zilizobaki tangu enzi za mgodi wa zamani. Nyumba ndefu, imekalia msingi wa mawe wa kufika gotini, bati la juu limepigwa kutu mpaka limekuwa rangi ya chai. Aliinunua marehemu Mzee Ramadhani, mfanyabiashara wa chumvi na vitenge. Alikuwa na wake wawili. Akaigawa nyumba katikati kwa ukuta wa mbao: upande wa mashariki Bi Zuhura, mke mkubwa, upande wa magharibi Bi Tatu, mke mdogo. Mbele, katikati, palikuwa na chumba cha duka, kina mlango wa kila upande. Alipokufa, duka likafungwa, na wale wanawake wakaacha kusemeshana.

Tuliitwa na Bi Zuhura. Alikuwa mtu mzima tayari, mwembamba, miguu imevimba, anatembea kwa kushika ukuta. Hakuwahi kupata mtoto. Alitukaribisha, akatupa maji, halafu akasema, "Kitanda changu kinasafiri."

Barnabe akamwuliza, "Kinakwenda wapi, mama?"

"Nyuma. Nalala kichwa kikiwa juu, naamka kichwa kiko chini. Na mlango wa uani haufungi tangu mvua za mwaka jana."

Tukazunguka nyuma. Sikuhitaji kuinama kunusa, harufu ilitupokea. Barnabe akatoa mbao moja ya ukuta kwa mtaimbo, na nyuma yake nikaona kitu nilichokiona mara nyingi, ila si kwa ukubwa ule. Nguzo za ukuta, zile zinazobeba bati, chini hazikuwa nguzo tena. Zilikuwa zimebaki maganda. Na ile boriti ndefu inayolala juu ya msingi, ambayo nguzo zote zimesimama juu yake, ukiishika inakuja na mkono kama kashata iliyolowa. Ukuta wa nyuma ulikuwa unasimama kwa mazoea tu.

Sababu ilikuwa miguuni petu. Uani hapakuwa na ua wa kugawa, lakini kila mmoja alijua mpaka wake. Kila asubuhi Bi Zuhura alifagia kutoka kwake kwenda katikati, na Bi Tatu alifagia kutoka kwake kwenda katikati, na hakuna aliyekuwa tayari kuzoa taka za mwenzake. Miaka yote hiyo. Palikuwa pameota kichuguu cha taka na udongo pale kwenye mpaka, kimeegemea ukuta, kimefunika msingi wote wa mawe na kupanda mpaka kwenye mbao. Juu yake, bafu la mabati la Bi Tatu lilikuwa linamwaga maji hapo hapo. Udongo umelowa, umekumbatia mbao usiku na mchana. Kumbukeni hili hata mkisahau mengine yote: udongo usipande juu ya msingi.

Barnabe akachoma kulia kwa bisibisi, akachoma kushoto, akahesabu kichwani, akaguna.

"Boriti ni moja," akaniambia. "Haikukatwa pale katikati. Imetoka kwa huyu inaingia kwa yule. Hatuwezi kuinua nusu ya nyumba."

Hapo ndipo kazi yangu ya ukarani wa midomo ilipoanza. Bi Zuhura amekaa mlangoni kwake, Bi Tatu amesimama mlangoni kwake na mwiko mkononi, wote wananisikia, kati yao ni hatua chache tu. Lakini ilibidi nisimame katikati nipeleke maneno.

Bi Zuhura: "Mwambie huyo wa upande wa pili mafundi wanataka kuinua ukuta, atoe vitu vyake."

Nikageuka. "Bi Tatu, unaambiwa..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie ukuta wangu mzima. Kinachooza ni kwake."

Nikageuka tena. "Bi Mkubwa, anasema..."

"Mwambie kinaoza kwa maji yake ya kuogea."

"Mwambie kinaoza kwa takataka zake."

Niligeuka mpaka shingo ikauma. Bi Tatu alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuuza samaki ingawa hakuwahi kuuza. Binti yake mmoja alikuwa ameolewa Tabora. Barnabe aliwaacha kwa muda, ananusa ugoro wake, kisha akamfuata Bi Tatu, akampa bisibisi.

"Choma mwenyewe. Ukuta wako huu. Chagua unapotaka."

Bi Tatu akacheka kwa dharau, akachoma. Bisibisi ikazama mpaka mpini. Akaichomoa, akaiangalia ile ncha yenye unga mweusi, akachoma pengine. Ikazama. Mwiko akauweka chini.

"Nahamishia wapi kabati?" akauliza.

Kazi tukaianza mwishoni mwa kiangazi, na tulijua tumechelewa. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa upande wa Rukwa. Kwanza tulichimba kile kichuguu tukakitoa kwa toroli, mpaka mawe ya msingi yakaonekana, na wale wanawake wote wawili wakatoka kuyaangalia kama wanaona maiti inafukuliwa. Kisha ndani tukasimamisha mirunda, miti ya kuegemeza, chini ya mbao inayobeba kenchi za paa, ili bati lisitudondokee. Nje tukaweka jeki mbili za lori, kila moja juu ya ubao mpana. Nyumba ya zamani haiinuliwi kwa nguvu. Unazungusha jeki kidogo, unaacha, unasikiliza. Inalia, inatulia, unazungusha tena. Barnabe alikuwa akiiongelesha kwa Kirundi, "Buhoro, buhoro," yaani polepole, na hiyo ndiyo sauti yake ya upole pekee niliyowahi kuisikia. Hata watoto wangu hakuwahi kuwaongelesha hivyo, wala watoto wake mwenyewe.

Upande wa Bi Zuhura ulikwenda vizuri. Tukakata uozo, tukafika kwenye mbao nzima, tukaweka boriti mpya ya mninga uliokauka, kutoka upande wa Inyonga. Kuunga boriti mpya na ya zamani, unachonga kila moja nusu, zilaliane kama watu wawili kwenye kitanda kidogo, kisha unapitisha bolti. Na usikate pale uozo unapoishia machoni. Ingia ndani zaidi, maana uozo una mizizi usiyoiona.

Upande wa Bi Tatu ndipo tulipofikia siku ile.

Alasiri, jua kali. Barnabe alikuwa amechoka. Nilimwona amechoka tangu asubuhi. Alikuwa anakaa kila akipata kisingizio. Nilimwambia tumalizie kesho. Akasema kesho mvua. Jeki ilikuwa imeshika, boriti ya zamani imeinuka kutoka kwenye msingi nafasi ya kuingiza mkono. Ndani ya ile nafasi kulikuwa na kipande cha mbao mbovu kimebaki, kinazuia. Mtu huyu alinifundisha tangu ujana wangu, mara ngapi sijui, kwamba kitu kilichobebwa na jeki hakiingizwi mkono, kinaingizwa mti. Akaingiza mkono.

Bi Tatu alikuwa ameoga mchana. Maji yake, kwa mazoea ya miaka, yalikuwa yamepita njia yao ile ile na kutulia chini ya ule ubao wa jeki. Juu udongo ulionekana mkavu. Chini ulikuwa uji. Niliona jeki inainama. Haikuanguka, iliinama tu polepole, kama mtu anayesinzia kanisani. Ukuta ukashuka.

Barnabe hakupiga kelele. Alisema, "Deo," basi. Mkono wake wa kulia ulikuwa kati ya boriti na jiwe.

Niliikimbilia jeki, ilikuwa imelala, haina faida. Nikavuta mrunda mrefu, nikausukuma chini ya boriti, nikaweka jiwe la kuegemea, nikaning'inia upande wa pili kwa uzito wangu wote. Nyumba ikatikisika, haikuinuka. Nikapiga kelele. Bi Tatu akatoka jikoni na unga mikononi, akaona. Akaja akaukumbatia mrunda, akaning'inia na mimi. Boriti ikapanda unene wa unywele mmoja. Haikutosha. Uso wa Barnabe ulikuwa umegeuka rangi ya majivu.

Hapo Bi Tatu akageuza kichwa, akapaza ile sauti yake:

"Dada! Dada Zuhura! Njoo!"

Nilimsikia Bi Zuhura anakuja. Nilisikia viganja vyake vinapapasa mbao, pa, pa, pa, na miguu ile inaburuzwa. Alitokea kona ya nyumba bila khanga ya kichwani.

"Nishike wapi?" akauliza.

"Usishike, huna nguvu ya kuning'inia. Kaa! Kaa juu yake."

"Nikae wapi?"

"Hapa, karibu yangu. Nishike bega."

Bi Zuhura akamshika bega Bi Tatu, akageuka kwa shida, akakaa juu ya ule mrunda kama anayekaa kwenye kigoda. Mwembamba vile, sijui alikuwa na uzito gani. Lakini mti ulishuka, boriti ikapanda, na Barnabe akauvuta mkono wake akaanguka kwa nyuma.

Tukabaki vile vile, sisi watatu juu ya mti mmoja, tunaogopa kuachia. Mimi ndiye niliyesema tushuke pamoja, taratibu. Bi Zuhura akawa wa mwisho kuinuka, kwa sababu hakuweza. Bi Tatu alimwinua kwa kumshika kwapani.

Tulimpeleka Barnabe hospitali kwa bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia. Mkono haukukatwa. Lakini vidole viwili havikukunjika tena, na cha kati kilibaki kimelala upande kama mtoto aliyenuna. Madaktari walisema kidonda kisafishwe kila siku, na Katumba ni mbali kwa mtu wa kwenda na kurudi kila siku na mkono ule. Ndipo Bi Zuhura akasema alale pale kwenye chumba cha duka. Bi Tatu akasema, kwa kuniambia mimi, kwamba ndiyo, alale hapo. Wakafungua, wakafagia vumbi la miaka, kila mmoja kwa mlango wake.

Sasa cheka kidogo, maana nami nilicheka. Mzee Barnabe aliyezoea kula muhogo wa kuchoma porini alianza kuletewa sahani mbili kila mlo. Mlango wa mashariki unafunguka, wali na maharage. Mlango wa magharibi unafunguka, ugali na samaki. Na hakuna aliyekubali sahani yake irudi na chakula. Alikuwa akininong'oneza, "Deo, kula hii, haraka, anakuja." Nilinenepa wakati ule kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Mchana namalizia ukuta peke yangu, boriti, nguzo, mbao, mchana huo huo nakula kwa ajili ya watu wawili.

Alasiri moja mvua ilikuwa imeanza kweli kweli. Nilikuwa nimeingia humo chumbani kujikinga. Bi Tatu alikuwa amekaa kwenye debe anafungua kitambaa cha mkono wa Barnabe. Mlango wa pili ukafunguka, Bi Zuhura na bakuli la uji. Akasimama. Angerudi, lakini miguu yake haikuwa ya kugeuka haraka. Nikampa kiti. Akakaa. Mvua inapiga bati.

Halafu Bi Zuhura akasema, anaangalia lile bakuli, "Na yeye ulimfunga vitambaa hivyo?"

Sote tulijua ni nani: Mzee Ramadhani, aliyefia upande wa Bi Tatu.

"Nilimfunga," Bi Tatu akasema.

"Mimi uliniita ameshakufa, ameshafungwa kidevu."

Nilitamani kutoka. Ila mvua. Bi Tatu aliendelea kukunja kile kitambaa, anakikunja anakikunjua.

"Alinikataza," akasema. "Kila asubuhi nilimwambia nimwite dada. Alisema subiri nipate nguvu nikae. Hakutaka umkute amejikojolea. Alisema, kesho nitakaa, kesho umwite Zuhura nimwone nimekaa. Kesho, kesho. Hakukaa."

"Ilikuwa hatua ngapi mpaka mlangoni kwangu?"

"Chache."

"Ungeniita hata hivyo."

Bi Tatu alikiweka kitambaa gotini. Nadhani alikuwa na majibu mengi, ameyatunza miaka yote hiyo, ameyapanga. Lakini alisema moja tu.

"Ningekuita."

Bi Zuhura aliangalia dirishani. Machozi yalimtoka bila sauti, wala hakuyafuta. Nikamtazama Barnabe, nikidhani mtu mzima yule atasema neno. Yeye alikuwa amefumba macho. Baadaye akayafungua, akasema, "Mama zangu, mkono unauma na uji unapoa." Bi Zuhura akampa uji. Bi Tatu akafunga kitambaa. Hakuna aliyekumbatiana na mtu. Nawaambia hivyo kwa sababu najua mnapenda hadithi ziishe kwa kukumbatiana.

Nilimaliza ukuta. Nikaupaka oili chafu chini yote, nikaweka mawe na kokoto kando ya msingi, nikachimba mfereji wa maji ya bafu yaende barabarani. Nikawaita wote wawili, nikawaambia kuanzia leo mnafagia kutoka ukutani kwenda nje, siyo kuja. Wakasema sawa. Kesho yake asubuhi nilipita, nikaona alama za ufagio zimetoka ukutani kwenda nje, nyumba nzima, kwa mkono mmoja. Miguu ya Bi Zuhura haikuwa imeruhusu, na mwenzake hakusubiri.

Barnabe hakushika nyundo tena. Alijaribu, ikamponyoka, akaitukana kwa Kirundi, akairudisha kwenye sanduku. Akarudi Katumba kulima maharage kwa mkono mmoja na nusu. Nilikuwa naenda kumwona, mwanzo mara nyingi, baadaye mara chache, mnajua maisha yalivyo. Alikuwa anauliza habari za ukuta kabla ya kuniuliza habari za watoto wangu. Nilikuwa namwambia umesimama. Alikufa mvua za masika, nami nilikuwa Mishamo kwenye kazi, barabara imekatika. Sikumzika. Jambo hilo nalibeba, na ni zito kuliko boriti yoyote niliyowahi kubeba. Mkiwa na mwalimu, nendeni mkamwone barabara ikiwa kavu.

Miaka ikapita. Mimi mwenyewe nikaanza kuchoka ile ya kuamka umechoka. Nilikuwa nimeshaacha kazi nilipopata habari kwamba Bi Zuhura amefariki. Waliniambia alikuwa ameugua muda, na kwamba Bi Tatu alimwita kila mtu tangu mwanzo: ndugu, majirani, shehe, hata watu ambao Bi Zuhura mwenyewe hakutaka kuwaona. Nyumba ilikuwa haikauki wageni. Alifia mikononi mwake, mchana, Bi Tatu anamnywesha maji kwa kijiko.

Nikapanda gari kutoka Majimoto na magoti yangu haya. Nilifika wameshatoka makaburini. Wanaume wamekaa nje kwenye majamvi. Kulikuwa na ndugu za Bi Zuhura kutoka Ujiji, watu wazito, hawakumjua mtu pale. Mmoja wao, kaka yake labda, alisogea mlangoni walipokaa wanawake, akauliza kwa sauti, kama anavyopaswa kuuliza mtu aliyetoka mbali:

"Jamani, dada yetu hakuacha mtoto. Mume alishatangulia. Mkono wa pole tumpe nani? Mfiwa ni nani hapa?"

Wanawake wakatazamana. Nikasikia mtu anainuka ndani, kwa shida, maana alikuwa mnene na sasa naye amezeeka. Bi Tatu akaja mpaka mlangoni. Khanga imemlowa kifuani kote.

"Mfiwa ni mimi," akasema.

Yule mzee akamwangalia. "Wewe si mke mwenzie?"

"Ndiyo. Mfiwa ni mimi. Nipe pole."

Yule mzee akavua kofia, akampa mkono. Wakasimama wengine nyuma yake, mmoja mmoja, msururu ukafika mpaka uani. Nikavua viatu, nikajipanga na mimi.